UZI: Chopa la Captain America kwa skeli 1:8 – fremu, spoku, kromu na injini ya Panhead

#1 FundiSkeli (mleta uzi), Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wajenzi wa modeli za plastiki, hasa waliozoea magari na ndege wakaona pikipiki ni kazi ya wikiendi moja kwa kuwa vipande ni vichache. Gari lina bodi. Ukiunganisha injini vibaya unafunga boneti na mambo yanaisha. Chopa, yaani pikipiki iliyokatwa na kujengwa upya kwa shokapu ndefu za mbele, limevuliwa kila kitu: halina madigadi ya mbele wala vifuniko vya pembeni, na kila bomba linaonekana kulia, kushoto, juu na chini. Halafu karibu nusu ya hayo yanayoonekana ni kromu, na kromu haifichi hata mkwaruzo wa unywele.

Ninayoijenga ni Captain America, ile aliyoiendesha Peter Fonda kwenye filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Natumia seti ya zamani ya Kimarekani ya miaka ya 1970, skeli 1:8, yaani sehemu moja ya nane ya ukubwa halisi. Seti yenyewe ni chopa la kawaida tu, si Captain America, kwa hiyo tangi, shokapu za mbele, usukani, egemeo la nyuma na sehemu ya juu ya injini vyote natengeneza upya.

Kabla ya kugusa kisu nataka tuwataje wenye kazi. Pikipiki za filamu ile zilijengwa Los Angeles na Wamarekani weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy. Zilikuwa nne: Captain America mbili na mbili za mwenzake Fonda kwenye filamu, ili moja ikiharibika upigaji picha usisimame. Walianzia na Harley-Davidson kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Captain America moja ilivunjwa kwenye tukio la mwisho la filamu, tatu zilizobaki zikaibwa kabla dunia haijajua thamani yake. Kwa miongo mingi watu walijua jina la mwigizaji na jina la pikipiki, majina ya waliokata na kulehemu hayakutajwa. Mimi nitayaandika kwenye kibao cha chini ya modeli, herufi kubwa kuliko jina la filamu.

Sasa kazi. Nitaanza na fremu, maana hapo ndipo wengi wanapoharakisha.

Fremu ya seti imekuja vipande viwili, kulia na kushoto, na vyote vimepinda kidogo kwa kukaa sandukuni miaka mingi. Usiunganishe kwanza ukitegemea kuinyoosha baadaye. Chovya kipande kwenye maji ya moto (yasiyochemka, ya kuvumilika kwa kidole kwa sekunde moja), kilaze juu ya kioo kinene, weka uzito, acha kipoe. Kikishatulia gundisha kwa gundi nyepesi ya Tamiya, ile ya kofia ya kijani, kidogo kidogo kuanzia kichwa cha fremu kurudi nyuma. Ikikauka siku nzima ndipo unapiga msasa mshono: 400, 800, 1000. Bomba la fremu ni la duara, kwa hiyo msasa uukate utepe mwembamba na uuvute kuzunguka bomba kama unavyosugua kiatu. Ukitumia kipande bapa utalipa bomba pembe, na kromu itaionyesha pembe hiyo kwa kila mgeni.

Nakuja na shokapu.

#2 FundiSkeli

Shokapu za mbele ndizo sura ya chopa, na ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu ni hesabu kabla ya kuwa plastiki.

Urefu ambao shokapu inanyanyua kichwa cha fremu kutoka kwenye ekseli ni urefu wa shokapu mara kosini ya pembe yake kutoka wima. Kwa modeli: shokapu ya kawaida ya mm 95 ikilala nyuzi 30 inanyanyua kama mm 82. Ukiirefusha kwa inchi 12 za pikipiki halisi, yaani mm 38 kwa skeli yetu, inakuwa mm 133. Ukiiacha kwenye nyuzi 30 zilezile, pua ya pikipiki inapanda zaidi ya sentimita tatu na inakaa kama mbwa aliyekalia mkia. Ukiilaza nyuzi 45 inanyanyua mm 94, tofauti mm 12 tu. Ndiyo maana mafundi wa Los Angeles walikuwa wanakata shingo ya fremu na kuilehemu upya kwa pembe nyingine. Kurefusha peke yake hakutoshi.

Basi na sisi tunakata shingo. Kata kwa msumeno mwembamba, ingiza kipande cha plastiki chenye umbo la kabari, pitisha pini ya shaba katikati, funga kwa epoksi ya sehemu mbili. Pini hiyo usiipuuze, kwani shokapu ndefu ni wenzo na itang'oa shingo iliyoshikwa kwa gundi peke yake.

Bomba la shokapu halisi la Hydra-Glide, aina ya Harley ya zamani, lina kipenyo cha karibu mm 41, kwa 1:8 ni mm 5. Plastiki ya mm 5 yenye urefu huo hupinda yenyewe kwa joto la Dar. Nimetumia eriali ya redio ya zamani. Ni bomba za shaba zilizopigwa kromu ya kweli, zinaingiana, na ile ya chini kabisa kwenye redio kubwa huwa na mm 5 au zaidi. Ya nje inakuwa mguu wa chini wa shokapu, ya ndani inakuwa bomba lenyewe. Usikate kwa koleo, utaibonda. Ilaze mezani, weka makali ya kisu, viringisha kwa kidole polepole mpaka ikatike yenyewe.

#3 Rangi_Tatu, Nairobi

Asante kwa kuwataja Vaughs na Hardy, kaka. Nyongeza kidogo: Vaughs hakuwa fundi wa pikipiki tu. Alikuwa mpiga picha na mwanaharakati wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliopigania haki za weusi kusini mwa Marekani miaka ya 1960. Alifariki 2016, akiwa amewahi kusikia watu wakianza kumpa haki yake. Ben Hardy alitangulia mwaka 1994. Kuna Captain America iliyouzwa mnadani Marekani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni moja, na ubishi kama kweli ni ile ya filamu haujaisha hadi leo. Jinsi ninavyoona, ubishi ule umechukua kurasa nyingi kuliko maisha ya waliojenga.

Swali langu ni la kromu. Vipande vya seti vimekuja na kromu tayari. Kwa nini uitoe? Mimi naona kromu ya kiwandani inang'aa kuliko rangi yoyote nitakayopuliza.

#4 FundiSkeli

Dada, kwa vipande vyenye mshono mahali pasipoonekana, iache. Nimeacha taa ya mbele na vifuniko viwili vidogo. Shida ni tatu.

Kwanza gundi. Gundi ya plastiki inashika kwa kuyeyusha plastiki, na kromu ni ukuta kati ya gundi na plastiki. Usipoikwangua pale vipande vinapokutana, ekzosi itaanguka mkononi baada ya mwezi. Pili, kila kipande kimeshikwa na tawi la plastiki, na ukikikata kinabaki na kovu jeupe. Kwenye chopa makovu yako mbele kabisa. Tatu, ekzosi zimekuja nusu mbili. Ukiziba mshono kwa puti kromu imekwisha hata hivyo.

Kuitoa ni rahisi: Jik. Mimina kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, tumbukiza vipande, na ndani ya saa chache tabaka la alumini, ambalo ndilo kromu hiyo ya kiwandani, linakuwa limeyeyuka. Fanyia nje, vaa glavu, na usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo au amonia, hewa inayotoka inaua. Chini ya alumini kutabaki varnishi ya njano njano, hiyo nayo lazima itoke maana inajaza mistari midogo ya mapezi ya injini. Spiriti ya isopropili na mswaki laini, kwa subira.

Kurudisha kromu: nyeusi ya kung'aa kwanza, na nyeusi ndiyo kazi yenyewe. Ikiwa na vumbi au ganda la chungwa (uso wenye vinundu), kromu itakuwa na vumbi na ganda la chungwa. Iache ikauke kabisa, kisha rangi ya Alclad II ya kromu kwa bunduki ndogo ya kupulizia, presha ya chini kama psi 12 hadi 15, ukungu mwembamba tabaka juu ya tabaka. Simama pale nyeusi inapogeuka kioo. Ukiongeza, inarudi kuwa fedha butu. Kwa sehemu ndogo kalamu ya kromu ya Molotow inatosha, ila iache siku kadhaa bila kuigusa, na usiipake varnishi juu, utaua mng'ao.

#5 Mvuvi_wa_Kilindini, Mombasa

Ndugu yangu, hiyo ya eriali nimeipenda mno. Usukani na lile egemeo refu la nyuma umetumia nini? Nilijaribu kupinda waya wa shaba ukawa na makunyanzi pale penye kona.

#6 FundiSkeli

Shaba uichome kwanza iwe nyekundu hafifu, iache ipoe, ndipo uipinde, inakuwa laini. Lakini kwa skeli hii kuna njia nzuri zaidi. Usukani wa Harley ni bomba la inchi moja. Inchi moja kwa 1:8 ni mm 3.2, na fimbo za kulehemu za chuma kisichoshika kutu zinauzwa hasa kwa kipimo hicho. Nenda kwa mafundi wa kulehemu kwa gesi ya agoni, omba fimbo moja. Pinda kuzungushia bomba la chuma lililobanwa kwenye jiliwa, kisha sugua kwa msasa 1000, 2000, halafu dawa ya kung'arisha. Hakuna rangi itakayoifikia.

Egemeo la nyuma nimetumia spoku ya baiskeli. Ni mm 2, sawa na mm 16 kwenye pikipiki halisi, na haipindi ovyo ukiigusa.

#7 GerejiZiwani, Mwanza

Wakuu, mimi ni fundi pikipiki, modeli sijawahi kujenga ila nimesoma uzi wote. Spoku umezifanyaje? Kwenye picha za seti nyingi naona spoku nene za plastiki zilizosimama kama miale ya jua. Gurudumu la pikipiki halijengwi hivyo, lingevunjika siku ya kwanza. Spoku lazima zipishane, kwa sababu habu (kitovu cha gurudumu) inapozungushwa na cheni au kushikwa na breki, nusu ya spoku zinavutwa mbele na nusu nyuma. Zikisimama wima hazina la kuvuta.

Ringi ya Harley ya zamani ina spoku 40. Gawa hivi: 20 kila upande wa habu, na katika hizo 20, kumi zinaelekea mbele na kumi nyuma. Kwenye ringi zinakuja kwa mafungu ya nne: kushoto-mbele, kulia-mbele, kushoto-nyuma, kulia-nyuma, kisha unarudia mara kumi. Mwanafunzi wangu akishika wimbo huo hakosei.

#8 FundiSkeli

Mkuu, umenipa mpangilio niliokuwa nautafuta. Sehemu hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobadilisha modeli nzima.

Spoku ya kweli ina unene wa karibu mm 3.7. Kwa 1:8 ni mm 0.46. Waya unaofaa uko kwenye duka la vyombo vya muziki: nyuzi za gitaa la umeme, ule wa tatu usiosokotwa, unene wa inchi 0.017 au 0.018, yaani mm 0.43 hadi 0.46. Ni chuma kigumu, unang'aa, na ukikatwa unabaki mnyoofu.

Nilikata spoku za plastiki zote nikabaki na ringi tupu na habu tupu. Ringi nikaibandika kwenye ubao wa plaiwudi wenye duara lililogawanywa kwa nyuzi 9 (360 kwa 40), habu nikaiweka katikati kwa pini ili isisogee hata nusu milimita. Matundu kwa kidrili cha mkono, biti ya mm 0.5: 40 kwenye ringi kwa zamu kushoto na kulia ya mstari wa kati, na 20 kila bawa la habu, kila nyuzi 18. Biti nyembamba hivyo huvunjika ukiisukuma. Zungusha, toa, pangusa, rudia.

Kisha ule wimbo wa fundi wa Mwanza. Ingiza upande mmoja wote, kumi za mbele kwanza, halafu kumi za nyuma zikipita juu yake. Usigundishe chochote mpaka zote 40 zimeingia. Ukiwa na 39 zilizogunda na moja haipiti, huna pa kwenda. Zikikaa zote, tone la epoksi ya kukauka taratibu kwenye kila tundu la ringi kwa ncha ya sindano. Supagluu hapana: mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kila kitu kinachong'aa.

Lishike gurudumu mbele ya dirisha ulizungushe. Zile pembe nne nne zinafunguka na kufunga kama kwenye pikipiki ya kweli. Kwa mara ya kwanza modeli ina uzito machoni.

#9 Chuma_Chakavu, Arusha

Kazi nzuri, ila mkuu naona tatizo kwenye injini. Seti za miaka hiyo nyingi zilikuja na Shovelhead, aina ya injini ya Harley. Captain America ina aina ya kabla yake, Panhead. Panhead ilitengenezwa 1948 hadi 1965, Shovelhead ikafuata 1966. Sio vifuniko vya juu peke yake. Angalia upande wa kulia wa injini: kuanzia 1970 kifuniko cha kamu kina umbo la koni na umeme unatoka ndani. Panhead ina jenereta nje, imelala mbele ya kizimba cha injini. Ukibadilisha juu ukaacha chini, anayejua Harley ataona mara moja.

#10 FundiSkeli

Sahihi kabisa, na seti yangu ni hiyo ya koni. Kwa hiyo koni nimeikata. Kifuniko kipya ni plastiki bapa ya mm 1 tabaka tatu, nimezichonga na kulainisha kingo kwa msasa kwa kufuata picha za injini halisi. Jenereta ni kipande cha mviringo cha plastiki chenye kofia mbili, kimekaa mbele ya kizimba kikikatiza kulia kwenda kushoto.

Vifuniko vya juu nilivifinyanga. Nilichonga mti mgumu kwa umbo la kifuniko kimoja, kama sufuria ndogo iliyofunikwa, mabega yakiwa ya mviringo. Kikombe cha mtindi chenye alama ya namba 6 chini yake ni plastiki ileile ya modeli. Kata ubapa wake, ubane kwenye fremu ya mbao, upashe juu ya jiko mpaka ulegee na kuanza kubonyea, kisha uusukumie juu ya mti kwa mkono mmoja bila kusita. Unavaa umbo ndani ya sekunde mbili. Kata kingo, fanya cha pili. Vinakubali gundi ya kawaida.

Rangi za injini nazo zina ukweli wake. Kwenye Panhead vichwa vya silinda ni alumini, lakini silinda zenyewe ni chuma cha kusubu. Ukipaka zote fedha moja umepoteza nusu ya uhai. Vichwa alumini hafifu, silinda nyeusi isiyong'aa, mafuta kidogo meusi kwenye mapezi. Pembe kati ya silinda mbili ni nyuzi 45. Pima kabla ya kugundisha, vinginevyo kabureta haitaingia kati yake.

Chuma_Chakavu, kama una picha ya upande wa kushoto yenye kifuniko cha cheni ya ndani, nitashukuru.

#11 Kusi_Kaskazi, Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyinyi wa pwani na sisi wa huku tuna adui mmoja, unyevu. Rangi za laka zikipulizwa siku yenye unyevu mwingi zinaweka ukungu mweupe, kwa sababu kiyeyushi kikiruka kinapoza uso na unyevu wa hewani unageuka matone juu yake. Nyeusi ya kung'aa ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo msingi wa kromu yenu. Mimi napuliza ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichokaa saa nzima, na naongeza kichelewesha kukauka kidogo. Ukungu ukishatokea, pitisha kichelewesha chepesi juu kabla rangi haijakomaa, mara nyingi unaondoka.

La pili, matairi. Tairi za seti za zamani ni vinili. Kilainishi chake hutoka polepole na kula plastiki inayogusana nayo. Sheikh mleta uzi, gurudumu lako la spoku 40 litakuja kuwa uji pale ringi inapogusana na tairi. Zungushia ringi utepe wa karatasi ya alumini kabla ya kuvalisha tairi.

#12 FundiSkeli

Wa alaykum salaam. Ya tairi naifanya leo leo, na ushauri wa kiyoyozi nauchukua. Huku masika ikianza mimi husimamisha rangi kabisa na kurudi kwenye chuma.

#13 Rangi_Tatu

Tangi nalo? Karatasi za kubandika za miaka ya 1970 huwa zimegeuka njano na zinapasuka vipande zikigusa maji.

Kama unazihitaji kwa chochote: zibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, jua la wiki kadhaa linaondoa unjano. Kisha zipake filamu ya maji ya Microscale, ikauke, ndipo uzikate na kuzilowesha. Lakini kwa bendera ya tangi mimi ningepaka rangi. Nyeupe kwanza, kwa kuwa nyekundu na bluu zinafunika nyeupe, nyeupe haifuniki nyekundu. Funika mistari kwa utepe wa Tamiya wa kujipinda, puliza nyekundu. Funika yote, puliza bluu. Nyota ukizikata kwenye vinili ya kubandika na kuziweka juu ya nyeupe kabla ya bluu, ukizing'oa baadaye zinabaki nyeupe zenye kingo kali. Ng'oa rangi ikiwa bado haijakomaa, na vuta utepe kuurudisha juu yake wenyewe, si kwenda juu.

#14 FundiSkeli

Dada, nitafuata mpangilio huo ulivyo. Tangi limeshapigwa nyeupe, linasubiri.

#15 GerejiZiwani

Mkuu, swali la mwisho la kifundi. Naangalia picha za ile ya filamu, sioni breki ya mbele. Umeiacha au ni pembe ya picha?

#16 FundiSkeli

Haikuwa nayo. Gurudumu la mbele halina breki kabisa, ya nyuma ndiyo inayofanya kazi yote. Kwa hiyo sahani ya breki iliyokuja na habu ya seti nimeikata, na wenzo wa breki kwenye usukani haukai. Kwenye mguu wa kulia wa shokapu seti ina masikio mawili ya kushikia kebo. Kwenye bomba la eriali hayapo, lakini anayetumia shokapu za seti ayakwangue na kuziba matundu kwa puti kabla ya praima.

Picha za tangi nitaziweka hapa nikishang'oa nyota.